Utangulizi wa Kila Shairi

Insha ya kumi na nne nayo ilipoanza na "Shairi hili ni kioo cha jamii yake," Ustadha Zhor aliitupa kalamu nyekundu mezani. Kumi na nne! Shairi lenyewe lilimhusu mjane anayeosha vikombe viwili vya chai kila asubuhi. Kioo cha jamii gani? Darasa lake zima pale mjini Sefrou lilikuwa limenunua kijitabu kimoja kwenye duka la fotokopi, likakariri utangulizi unaofaa kila shairi, hata yale ambayo hayajatungwa. Tangu Septemba amewaimbia: kuchambua ni kusema umeona nini, na umekiona mstari gani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ya kumi na tano ilikuwa ya Ihssane. Huyu alikwisha kuanguka bakaloria, mtihani wa kumaliza sekondari, mara mbili, na kaka yake alikwisha kuapa kwamba akianguka tena wiki ijayo, shule basi, ni kiwandani kufungasha zeituni.

"Mjane hasemi popote kwamba ana huzuni," aliandika Ihssane. "Mpaka mstari wa sita ndipo tunajua chai ya kikombe kimoja haikunywewa."

Ustadha akaisoma mara tatu, akamwita.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani, Ustadha. Nisamehe. Vijitabu vilikwisha dukani."

Zhor alicheka, akambusu kichwani kwa furaha.

"Kwa hiyo mtihanini nitapata ngapi?"

Kicheko kikamkauka. Kila Juni yeye mwenyewe husahihisha mitihani hiyo, na mwongozo anaujua: alama za kutaja mkondo wa mshairi, alama za kukisia maudhui kutokana na anwani, alama za kuorodhesha msamiati. Za kuona kikombe hazimo.

"Sita juu ya ishirini."

"Sita! Na wale wa kioo?"

"Kumi na mbili. Wanafaulu."

"Sasa mwaka mzima ulikuwa unatugombeza nini, Ustadha?"

Swali hilo lilimuuma Zhor kuliko insha zote kumi na nne.

"Kaa. Andika," akasema kwa hasira, akaanza kumsomea ule utangulizi neno kwa neno, bila kijitabu. Kumbe naye alikuwa ameukariri.

Ihssane aliandika mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu juu ya sentensi yake mwenyewe.

"Na hii niifute?"

"Thubutu! Iweke ukurasa wa mwisho, mwanangu. Huko hawakupi alama, lakini hawakukatii pia."