Acheni Neno Pacha

Nesi wa utafiti aligeuza kompyuta juu ya meza ya kliniki ili Mama Pacha aone vizuri. Safu za tarakimu na maneno machache. Jina hata moja halikuwemo.

"Ndivyo data ya utafiti wetu wa dawa itakavyokaa mtandaoni, mama. Daktari yeyote duniani anayetafiti kifafa ataichukua bure."

"Na wanangu wako wapi?"

Nesi akagusa kioo. "Hapa. Pacha wa kike, miaka kumi na tisa, mtaa wenu."

Mama Pacha akacheka kicheko kikavu. "Nesi wangu, hapo umefuta nini? Pacha wa kike mtaani kwetu ni hawa tu. Hata mbuzi wanawajua!"

Nesi aliona haya.

Tangu wakiwa wadogo, mmoja akianguka mama yao alifunga mlango, akawaambia majirani ni malaria. Sasa dawa mpya ilikuwa imemponya pacha mmoja, Mpole, naye alishona nguo kwenye duka la watu. Dada yake Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa maneno yake mengi, alikunywa dawa ileile na bado alianguka. Mwenye duka akipata habari, Mpole angeachiwa cherehani kweli?

"Waondoe wote wawili."

"Nitawaondoa, ni haki yenu," nesi alisema taratibu. "Ila damu moja, dawa moja, mmoja kapona na mwenzake bado. Utafiti mzima hatuna wengine kama hao. Huenda mtu wa mbali akaona tusichokiona sisi."

"Huenda, huenda! Huenda hailishi mtu."

"Mama, anayeanguka ni mimi," Kasuku alidakia kutoka kwenye benchi. Ulimi ulikuwa umevimba, alikuwa ameung'ata asubuhi alipoanguka. "Mbona mimi siulizwi?"

"Pumzisha huo ulimi."

"Nesi, futa mtaa. Umri nao futa, andika vijana tu. Ila neno pacha liache. Bila hilo nitakuwa nimeanguka bure."

Mama akamtazama Mpole, aliyeketi kwenye benchi hilohilo. "Na wewe? Kazi ni yako."

Mpole alivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa gauni lake. "Niache humohumo na dada. Tajiri wangu akijua, nitamweleza mwenyewe."

Nesi akafuta mtaa, akafuta umri.

"Sasa hakuna atakayewajua?"

"Ni vigumu zaidi, mama. Kuapa siwezi."

Mama Pacha alimpima nesi kwa macho. Afadhali huyu, hakumdanganya.

"Haya, weka," alisema, akaenda kukaa katikati ya binti zake.