Vidonge Alivyovijua Liévin

Mama mkwe alivitoa vidonge vyangu kwenye pakiti kimoja kimoja juu ya tundu la choo, kama mtu anayemenya kunde. Kila kimoja kilipotumbukia, alinitazama usoni aone kama nitalia.

“Njo maana hauzale, Victorine. Unamufunga mutoto yangu na pilule.”

Nilimgeukia mume wangu. Liévin alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari ungali mkononi.

Yeye alijua. Mwaka ule ule, kabla ya kiangazi, tuliketi bega kwa bega mbele ya daktari Mwelwa, mwanamke wa sauti ya chini. Miaka mingi damu ya mwezi ilikuwa ikinilaza juu ya saruji, kitenge mdomoni ili majirani wa mtaa wetu wa Katuba wasinisikie. Wakwe waliniita mvivu. Daktari yule ndiye wa kwanza kunieleza maumivu yangu yalikotoka.

“Iko nyama inafanana na ile ya ndani ya kizazi,” alisema, “lakini imeota inje, mpaka kwenye ovari, mule mayai ya mwanamuke yanakaa. Homoni ya estrojeni inaiambia: ota. Nayo inajitengenezea estrojeni yake. Inavimba, inawaka, na ule moto unaita estrojeni ingine. Projesteroni, homoni ingine, njo ingeiambia itulie, lakini seli zake hazisikie tena muzuri. Hivi vidonge vinapaza hiyo sauti, vinapunguza na estrojeni.”

“Na mutoto, docteur?” Liévin aliuliza.

“Kwanza tutulize moto. Mutoto tutamutafuta nyuma.”

Ndani ya gari alinishika goti. “Mama asijue. Nitamwelezea miye mwenyewe.” Nilimwamini. Miezi ile nililala kama watu wengine wanavyolala.

Sasa mama yake alikuwa ameinua pakiti tupu. “Liévin, ulijua hii mambo?”

Alitazama sakafu.

“Hapana, mama.”

Hakusema kwa hasira, wala hakubabaika. Alisema kama mtu anayekataa chai.

Tangu siku hiyo mama mkwe alihamia kwetu, na mkoba wangu ulipekuliwa kila nilipotoka na kila nilipoingia. Jioni, Liévin alinong'ona kwamba angeninunulia vingine mambo yakipoa. Hayakupoa. Maumivu yalirudi na hasira ya kiumbe kilichofungiwa, hata mvua zilipoanza nikaanguka sokoni kwenye matope, wanawake wa mboga wakanibeba hadi hospitali.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, mkono wangu ulikuwa ndani ya mikono ya Liévin. Macho yake yalikuwa mekundu. Daktari Mwelwa alisimama mwisho wa kitanda, akasema ovari moja imeharibika kabisa, wameitoa.

Nilimtazama Liévin. Nikangoja aniulize kama ninaumwa.

“Na ile ingine, docteur,” alisema, “inaweza kuzala?”

Nilitoa mkono wangu taratibu, nikamwomba muuguzi maji.