Kioo Kinachomgeukia Mwenzako

Ile meza niliitengeneza kwa ajili ya mdogo wangu. Mimi ni fundi wa televisheni. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia mama, na katika vyumba vingine vyote naishi peke yangu. Yeye anaendesha malori ya masafa marefu. Akipita mjini hupiga honi, husimama mlangoni na kusema, "Kaka, niko mbioni." Hata chai haimalizi. Tangu mama afariki hajakaa kitako kwetu, na kumwomba mtu mzima akae mimi siwezi, ulimi unakuwa mzito. Nikaamua kutengeneza kitu cha kumkalisha.

Utotoni kulikuwa na duka lenye meza ya gemu ya ndege za kivita. Mnakaa mkitazamana, kioo kimelala katikati. Unacheza mpaka ndege yako ilipuliwe, halafu picha inampindukia mwenzako, ni zamu yake. Mdogo wangu alikuwa mkali. Mimi nilikuwa nikishika tu kijiti cha kuongozea ndege nimeshakufa, naye ananicheka mpaka machozi yanamtoka.

Basi nikachukua kioo cha kompyuta iliyotupwa, nikakifunga juu ya beringi ya kiti cha ofisi, chini nikaweka mota ya waipa ya gari. Kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani ikabeba gemu zote za zamani. Najua, kompyuta yenyewe ingeweza kupindua picha bila kuzungusha chochote, na mjuaji yeyote angekuja kuniambia hivyo. Sikumwuliza mtu. Nilitaka kioo kizima kigeuke, kisikike kikigeuka, mtu aone anapewa zamu. Siku ya kwanza kilizunguka upande mmoja tu, kikasokota nyaya kama nywele za msichana wa shule, moshi ukafuka. Nikatukana, nikafumua, nikakifundisha kwenda nusu na kurudi nusu.

Kuijaribu kulihitaji watu wawili. Nikifa upande huu, nainuka, nazunguka meza, nakaa kiti cha pili, nacheza zamu ya mdogo wangu. Jioni baada ya jioni, hivyo hivyo. Wakati mwingine nilimcheka, yaani nilijicheka, na sauti yangu ikanitisha mle chumbani. Ulikuwa upweke mtupu, sina jina jingine la kuupa.

Alipokuja ilikuwa mchana. Aliiona meza, akavuta kiti bila kuombwa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza. Anza wewe."

"Mchezo mmoja tu, kaka, mpaka ndege zetu ziishe. Mzigo unasubiriwa."

Akapigwa mapema kuliko nilivyotarajia. "Vidole vimeota kutu," alisema. Kioo kikanguruma, kikanigeukia, naye akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Eti kinageuka kweli!" Nilifurahi kupita kiasi, nakiri.

Hapo ndipo akili iliponiruka. Niliwaza: mchezo usipoisha, haondoki. Basi sikufa. Baada ya kucheza zamu za watu wawili muda wote ule, kila adui nilijua anatokea wapi. Nikakwepa, nikalipua, nikapanda hatua baada ya hatua. Mwanzoni mdogo wangu alishangilia. Kisha akapinda shingo kufuata picha ambayo kwake ilikuwa miguu juu. Kisha akaegemea kiti. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Umekuwa hatari, kaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto wa jirani.

"Ngoja, zamu yako inakuja," nilisema, huku mikono yangu ikikataa kumpa.

Aliinuka, akanigusa bega. Sikuinua macho.

"Wewe malizia tu. Nitapita siku nyingine."

"Kaa bwana, nakufa sasa hivi."

Nikaiachia ndege yangu ipigwe. Kabla haijamaliza kuwaka moto, lori lilikuwa limeshanguruma nje. Kioo kikageuka taratibu, kikaelekea kiti chake, na ndege yake ikatokea ikingoja mtu wa kuiongoza. Nilitaka kutoka mbio nimwambie arudi, ni zamu yake. Maadui wakaipiga palepale. Nikabaki nimekaa, nikisikiliza gia zikipanda mpaka mwisho wa barabara, nikijua kuwa safari hii alikuwa amekaa, na mimi ndiye niliyemwinua.