Mlango wa Upande wa Moyo

Jumamosi moja ya mwaka 1953, kabla ya mvua kuanza, Bwana Pierre alisimama katika ua wa gereji iliyo karibu na reli, Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, akiwa ameingiza ngumi katika mbonyeo wa mlango wa Chevrolet yake. Ngumi ilienea. Alikuwa akirudi Ulaya na gari lilikuwa liuzwe. Mlango aliubonyeza mwenyewe kwenye nguzo ya geti lake, siku ya karamu ya kuagana. Injini haikuwa na kasoro.

"Kama ingekuwa yako, Kapya," aliuliza, "ungetengeneza?"

Kapya, fundi wa kunyoosha bati, aliutazama mlango. Ulikuwa wa kushoto, wa dereva.

"Hapana, bwana. Mwenye kununua ataangalia moteri. Hii iko kitu ya macho tu."

Bwana Pierre alikubali kwamba lilikuwa jambo la macho tu. Alisema atafikiri hadi Jumatatu.

Kila mtu gerejini alijua kwamba mbonyeo haupotei. Ukitolewa kwenye bati unahamia kwa anayepiga nyundo, mahali panapolingana: bampa la mbele magotini, mlango mbavuni, paa kichwani. Kapya alikuwa na madigadi ya Ford begani, na mwanawe Kunda, alipokuwa mdogo, alizoea kuweka kikombe humo. Nyongani alikuwa na buti ya gari la hakimu. Daktari wa wafanyakazi alipima mashimo hayo kila mwaka kwa vidole viwili na kusema ni maumbile ya kazi. Fundi aliyekataa gari aliachishwa, na aliyeachishwa alinyang'anywa kibali cha kukaa mjini.

Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Kapya katika mtaa wa Kenya, Constance aliweka kiganja juu ya kifua cha mumewe.

"Ile mulango iko upande gani, Baba Kunda?"

"Ya shofere."

"Iyo njo upande wa moyo."

"Ee."

"Ile, hapana."

Jirani yao Régine, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, kizingitini, hakuinua kichwa. "Mama Kunda, uuzishe uyu bwana yako sasa, mbele ya kubonyea yote. Kiisha, bei itaanguka."

"Nani atanunua? Ata muzungu wa samaki, ule ananunuaka kila kitu, atamukatala."

Walicheka wote watatu, Kapya kidogo kuliko wenzake.

"Pengine atauzisha vile iko," alisema. "Ni muntu wa kufikiri."

Bwana Pierre alifikiri kweli. Jumatatu alirudi na macho ya mtu aliyelala vibaya. Alisema gari lingeuzika hata kama lilivyo. Hilo alikuwa na hakika nalo. Ila mkewe hakutaka majirani waseme kwamba waliondoka wakiacha aibu mlangoni.

"Unasikia, Kapya. Si miye."

"Ninasikia, bwana."

Akampa pakiti ya sigara.

Kazi ilichukua asubuhi moja. Kapya alishikilia kipande cha chuma nyuma ya bati na kupiga kwa nyundo ya mti, kutoka ukingoni kwenda katikati. Kadiri bati lilivyopanda, kifua kilishuka. Maumivu hayakuwa makubwa. Kufikia saa sita mlango ulikuwa laini, na ngumi ya Bwana Pierre ingeenea kifuani mwa Kapya. Moyo ulikuwa umesogea kando kupisha. Pumzi ilifika nusu ya safari na kurudi. Akapiga msasa, akapaka rangi.

Mnunuzi alikuja siku mbili baadaye kutoka Kilwa ya kando ya Ziwa Mweru, Mgiriki mwenye biashara ya samaki. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akalala chini kuzitazama springi, kwa kuwa barabara ya Kilwa haiulizi kingine. Mlango aliufungua mara moja, apate kuingia. Walipokwisha kupatana, alimgeukia Kapya.

"Toa milango yote. Vikapu vya samaki havipiti."

Bwana Pierre alitazama saa yake. Kapya alifungua bolti moja moja, akipumzika baada ya kila moja. Kisha Chevrolet ikaondoka kuelekea kaskazini, wazi pande zote, na Bwana Pierre akaenda kufunga mizigo.

Milango ilibaki imeegemezwa ukutani. Jioni mawingu yalipotanda, Kapya, aliyekwisha kufika getini, alirudi akaufunika ule wa kushoto kwa turubai. Rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri.

Mvua ilimkuta njiani. Nyumbani Constance alimvua shati na kumpangusa. Kifuani ilimbidi aingize kitambaa kwa vidole.

"Kesho kuko gari gani?"

"Kuko kamyo ya bwana moja wa mbao. Paa njo inabonyea."

"Atatengenezesha?"

"Bado anafikiri."