Deraya ya Madumu Manne

Mwaka wa kwanza mjukuu wangu Sumeya alikuwa mti. Mwaka wa pili akawa wimbi. Hiyo ndiyo michezo ya shuleni kwao Kismayo: kila mwaka, Iddi ikishapita, watoto hupanda jukwaani na sisi wazazi hukaa kwenye viti vya plastiki tukapiga makofi hata pasipo pa kupiga. Mti nilimwona. Alisimama mchezo mzima kashika matawi ya mwarobaini, asitikisike hata nzi alipomtua puani. Wimbi sikumwona, maana mawimbi yalikuwa kumi na mawili chini ya shuka moja ya buluu.

Mwaka huu, wa tatu, Maalim Abdulrazaq alitunga mchezo wa Mlinzi wa Kisima. Ni mwanamke anayelinda kisima cha maji matamu cha kisiwani wasije watu wa mbali wakakiiba. Sumeya alikariri maneno yote ya Mlinzi kwa siku tatu, akawa anayasema mpaka akipiga mswaki. Tatizo, Mlinzi ni lazima avae deraya, ile nguo ngumu ya vita ya kukinga kifua na mgongo, na shule haina deraya. Na mtoto mwingine, Nabil, naye aliyajua maneno yote, na mjomba wake alikuwa ameahidi kumletea deraya ya dukani kutoka Dubai.

"Kama ni Nabil, atakuwa Mlinzi mwanamume, mchezo haukatazi," Maalim aliwaambia. "Jumatano ya jaribio, mwenye deraya anayoweza kupiga nayo magoti, akainuka, akachomoa upanga, ndiye Mlinzi."

Mimi nilikuwa Kismayo kumi la mwisho la Ramadhani, nimekuja kwa binti yangu Safiyya, mamake Sumeya. Mtoto akanishika mkono baada ya futari.

"Bibi, babu anaweza kunitengenezea?"

"Babu yako amejenga mashua zinazobeba ng'ombe. Atashindwa na wewe?"

"Nikikosa, Bibi, narudi kuwa mti."

Basi nikasema nimpime. Safiyya akaniletea futi yake ya cherehani, ile ya rangi ya manjano inayojikunja.

"Mama, chukua hii. Au nimpime mimi, nimtumie Baba namba kwa simu."

"Baba yako hajajenga chombo kwa namba hata siku moja," nikamwambia. "Namba husahaulika. Fundo halisahauliki."

Maana kwetu kisiwani Chovae ndivyo tunavyopima. Unachukua kamba ya kumbi la nazi, unaizungusha kwenye kitu, unafunga fundo. Fundo moja, begani hadi kiunoni. Mafundo mawili, mzunguko wa kifua. Matatu, mzunguko wa kiuno. Fundi akipewa kamba, kapewa mwili mzima. Sumeya akasimama wima kama yule mti wake, kashikilia pumzi, nami nikamfunga mafundo huku nikimtegea vitendawili asichoke. Safiyya akakunja futi yake, asiseme neno. Binti yangu akinyamaza, ujue anaweka akiba.

Siku ya tatu ya Iddi nikapanda boti kurudi kisiwani. Kamba nimeitia kikapuni pamoja na halua, kikapu kipo miguuni. Tulipopita kisiwa cha Fuma bahari ikatuchezea kidogo, maji yakaingia ndani ya boti yakaloweka kila kitu. Mimi mbio zangu zote zilikuwa kwa halua. Nikaiinua, nikaipakata kama mtoto mchanga mpaka Chovae. Kamba sikuikumbuka.

Mume wangu Mohdhar ni mtu asiyeweza kuona kazi ikalala. Kamba nilimkabidhi alasiri, ingali inachuruzika. Magharibi ilipoingia alikwisha kukata. Alichukua madumu manne ya mafuta ya kupikia, yale ya manjano, akayapasua, akayalainisha kwa maji ya moto, akayapinda juu ya tumbo la mtungi wangu wa maji. Kipande cha mbele kimoja, cha nyuma kimoja, mabegani akaunga kwa misumari ya shaba, akazikunja ncha kwa ndani kama anavyofanya kwenye mashua. Kisha akapaka rangi ya fedha. Nyie! Iling'aa kama nguru aliyetoka majini sasa hivi.

Jirani yetu Mwanaasha akaja kutazama, mikono kiunoni.

"Hii ya harusi au ya vita?"

"Ya shule," nikamjibu.

"Shule za siku hizi mna vita?"

"Mna hesabu. Ndiyo vita yenyewe."

Jumatatu, mimi na Mohdhar, tukashuka Kismayo na deraya imefungwa ndani ya leso yangu mpya. Uani kwa Safiyya tukaifungua. Sumeya akaruka, akapiga kelele, akamkumbatia babu yake, akaikumbatia na deraya. Tukamvika.

Haikufunga.

Mbele ilikaa, nyuma ilikaa, lakini ubavuni palibaki nafasi, vidole vinne huku na vinne kule. Tukavuta. Tukamwambia atoe pumzi. Akatoa pumzi zote alizokuwa nazo mpaka macho yakamtoka, na bado.

"Umekata ndogo!" nikamwambia Mohdhar.

"Nimekata kwa kamba yako."

"Kamba yangu ni sawasawa. Nilimpima mwenyewe."

"Basi umempima paka."

"Mohdhar!"

"Au mtoto amekula Iddi yote peke yake."

Sumeya akatutazama, mimi, babu yake, mimi, midomo imeanza kucheza. Safiyya alikuwa jikoni, lakini nilijua masikio yake yako uani.

Mohdhar akatoa kamba kikapuni mwake. Sasa ilikuwa kavu, siku tano juani. Akailaza juu ya deraya, kuanzia mwanzo hadi mafundo mawili. Kamba ikapita. Ikapita kwa vidole vinane kamili.

Nikajiona mjinga wa kwanza hadi Ras Kamboni. Maana kitendawili changu cha kwanza kabisa, nilichofundishwa na mama yangu nikiwa sijang'oka jino, ni hiki: Ndugu yangu wa kumbi, akinywa maji hufupika. Jibu ni kamba. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba kamba ya kumbi ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Nami nimekitega kitendawili hicho miaka hamsini, nikaloweka kamba, nikaokoa halua.

"Ni mimi," nikasema. "Ilikunywa maji hapo Fuma."

"Na mimi nikakata kwayo ingali mbichi," Mohdhar akasema polepole. "Tumegawana."

Safiyya akatoka jikoni na futi yake ya manjano shingoni. Alisimama tu nayo.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Usije ukapasuka."

"Sisemi, Mama. Naikausha tu."

Hata Sumeya akacheka, huku analia. Ndipo nikaona kitu kingine. Katika kucheka aliinama, na ukingo wa mbele wa deraya ukampiga kidevuni, tap! Nikamwambia apige magoti. Hakuweza. Lile dumu lilimchoma mapajani chini na kidevuni juu. Nikamwambia ainue mkono wa upanga. Bega likagoma. Yaani hata ingemtosha, angepanda jukwaani akasimama wima mpaka mwisho. Mti.

Naye aliliona palepale. Akavua, akaiweka chini taratibu, akaenda kukaa nyuma ya pipa la maji.

"Ningekata nyingine kesho," Mohdhar akasema, "lakini itakuwa ileile. Mimi najua kukata kitu kisichoinama. Chombo changu kikiinama kimeharibika."

"Si vyombo vyote," nikasema.

"Kipi?"

Nikageukia pipa. "Sumeya! Kitendawili!"

Sauti ndogo ikanijia: "Tega."

"Bibi harusi wa kale, hana msumari hata mmoja mwilini. Bahari humkunja, humkunjua, naye havunjiki."

"Nguo?"

"Hapana."

"Jamvi?"

"Karibu. Hapana."

"Nimeshindwa, Bibi. Nipe jibu."

"Aliyeshindwa hutoa mji kwanza, ndipo apewe jibu."

"Nakupa Fuma. Si ndiko kamba ilikolowa?"

Mtoto mkali huyo. "Nilikwenda Fuma," nikasema, "nikaujia mji, wakanipokea na samaki wa kupaka. Jibu ni mtepe."

Mohdhar akajipiga paji la uso. Mtepe ni chombo cha wazee wetu, mbao zake zilishonwa kwa kamba, hazikupigwa misumari. Hakuna aujengaye sasa. Mohdhar mwenyewe hajapata kuujenga, ila baba yake alimfundisha mshono wake kwenye vibao vidogo, kama mchezo wa watoto. Mbao zilizoshonwa hucheza. Wimbi likija, chombo hulegea nalo.

"Leteni kisu," akasema.

Aliikata deraya yake nzuri ya fedha vipande vipande, na hakuugua hata mara moja, mimi ndiye niliyeugua. Alipata mistari myembamba, upana wa vidole vitatu. Safiyya akaleta dumu moja zaidi kwa ajili ya vile vidole vinane. Mohdhar akatoboa matundu kwa keekee, ile ya kuzungusha kwa upinde, maana msumari wa moto hupasua plastiki. Mimi nikashona. Mstari juu ya mstari, wa juu ukiulalia wa chini kidogo, kama magamba. Kamba ya kumbi, na safari hii nilikaa mbali na pipa la maji. Mabegani tukaacha kamba tupu. Ubavuni tukaacha vitanzi, afunge na kulegeza atakavyo.

Tena hatukumpima kasimama. Nilimvika juu ya kanzu yake ya shule na mtandio, maana ndivyo atakavyovaa, nikamwambia: "Rukuu." Akarukuu. Palipomkaba nikalegeza. "Sujudu." Akasujudu. Nikalegeza tena. "Kaa, unywe chai." Akakaa, akanywa. "Sasa cheka."

"Ha ha."

"Cheka kweli."

Hakuweza kwa amri. Basi Mohdhar, ambaye tangu tuoane hajanichekesha kwa makusudi, akajivika kipande kilichobaki kichwani, akachuchumaa, akawa kuku anayetaga. Sumeya akacheka mpaka vitanzi viwili vikafunguka.

"Hapo!" akasema Mohdhar kutoka chini. "Hapo ndipo pafungwe. Huyu ni mchu, si jahazi. Mchu huvuta pumzi." Mchu kwetu Chovae ni mtu.

Jumatano nikaenda na Sumeya kwenye jaribio, nikakaa nyuma. Nabil akaingia wa kwanza na deraya yake ya Dubai. Haki ya Mungu, ilikuwa nzuri, ina simba kifuani. Lakini mjomba aliyeichagua hakuwa amemwona mtoto kwa mwaka mzima, akakisia. Ilimpwaya. Alipopiga magoti ikapanda, ikammeza mpaka masikioni. Alipoinuka ilimteremka mpaka mapajani, ikabidi aishike kwa mkono mmoja. Na mkono wa pili ulishika ala ya upanga. Hakukuwa na mkono wa kuuchomoa.

Watoto wakaangua kicheko. Sumeya hakucheka. Alikuwa anajua jinsi inavyokuwa.

Kisha yeye. Akapiga magoti, magamba yakashuka moja moja, kra-kra-kra. Akainuka. Akachomoa upanga wake wa mti wa mkoko, na akausema ule mstari wa mwisho, "Maji haya yana mwenyewe," hadi mlinzi wa lango la shule akachungulia dirishani.

"Nani kakutengenezea?" Maalim akauliza.

"Bibi kashona, Babu kakata, Mama kanyamaza."

Maalim akacheka. "Wewe ndiwe Mlinzi. Kesho usichelewe mazoezini."

Nabil alikuwa kwenye kona anavua simba wake, uso umemvimba. Nikamwita. Nilikuwa na kamba mkobani, mimi sitoki bila kamba. Nikamtoboa simba ubavuni mara sita, nikamshona, nikamwambia arukuu, asujudu, acheke. Acheke ndiyo ilichukua muda. Maalim alipoona, akamwandika mkuu wa wezi wa maji. Nabil akauliza kama mkuu wa wezi anapigana. Maalim akasema sana. Basi akapona.

Siku yenyewe mimi, Mohdhar na Safiyya tulikaa mstari wa mbele. Vita vya kisimani vilikuwa vikali kuliko vilivyoandikwa, magamba mawili yaliruka mpaka mapajani mwa mkuu wa shule. Mlinzi alipiga magoti mara tatu na mara tatu aliinuka. Nikapiga makofi pale penye kupiga na pasipo.

Baada ya mchezo akatujia mbio, jasho linamtoka, deraya bado mwilini.

"Bibi, nililegeza kitanzi kimoja nyuma ya pazia. Safiyya alinilisha sambusa nne."

"Niite Mama," akasema Safiyya, akimfuta uso.

"Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Mwaka wa kwanza mti. Mwaka wa pili wimbi. Mwaka wa tatu…?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu, linang'aa, linanuka rangi. Nikakuna kichwa. Nikamtazama Mohdhar, naye akatazama juu kama anayetafuta.

"Umenishinda, mjukuu wangu," nikasema. "Nakupa mji. Nakupa Chovae, na visima vyake vyote."