Matone ya Alfajiri

"Hivi huyo binti wako wa kila Jumanne anatafuta nini kwenye huo mti?" jirani aliniuliza siku moja, akianika nguo upande wake wa ukuta. "Kama ni ukungu, mlete bafuni kwangu. Atapata na wa kugawa!"

Nilicheka. Sikumwambia kwamba tangu tumzike mume wangu, Jumanne ndiyo siku pekee ninayotoa vikombe viwili.

Binti ni mtafiti wa chuo. Mti wetu wa uani, uliokufa nusu, umeota uyoga mgumu kama ubao, uliojibandika shinani mithili ya sikio. Alikata kipande akaenda kukipima vinasaba, akarudi akiruka ruka: ni aina ambayo haijapata kuandikwa popote.

"Ila vinasaba peke yake havinitoshi, mama. Nimeutia kwenye hadubini, nimepima hata vitundu vyake, hauna tofauti na ule wa kawaida. Nikipata alama moja tu ya kuonekana kwa macho, kazi imekwisha."

Kazi imekwisha. Maneno hayo yalinitisha.

Maana alama niliijua. Mimi huamka alfajiri kusali, kisha nafagia ua. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ukingo wa ule uyoga hutoa matone mekundu kama chai ya rangi. Jua likipanda, yamekauka. Binti huja saa sita mchana. Ule wa kawaida, binti alinionyesha, uko kwa jirani, kwenye nguzo ya ua wake, na hautoi kitu. Nilikwenda kuutazama makusudi, asubuhi tatu.

Nikanyamaza miezi minne. Katika sala, nikifika pa kuomba msamaha, nilipita haraka haraka.

Jumanne iliyopita alikuja bila mkoba.

"Nimekuja kukuaga, mama. Mwisho wa mwezi muda wangu chuoni unakwisha. Bila hiyo alama hawanipi shahada. Narudi kwetu mikono mitupu."

Hata chai hakuimaliza. Nilimsindikiza mpaka langoni, ndipo ulimi ukafunguka. "Usiku mvua ikinyesha, njoo kesho kabla jua halijatoka."

Ilinyesha. Alikuja na mkoba wake, akapiga magoti kwenye tope, lenzi jichoni.

"Mama! Mama, njoo uone!"

Alipiga picha, akakinga tone moja kwa kichupa, akainuka akanikumbatia na matope yake yote. Nilikuwa nimesahau mtu akikushika unakuwaje. Kisha mikono yake ikalegea mabegani mwangu.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kusali.

"Tangu mwezi ule ulioanza kuja."

"Ukaninyamazia?"

"Ungemaliza, mwanangu. Usingerudi tena."

Alifuta lenzi, akafunga mkoba, akapita kando ya vikombe viwili nilivyokwisha kuviweka mezani pale uani, akatoka langoni.