Mama Sweta

"Ile ya Lewis usiifume tena," Mama Lewis alisema akiwa bado mlangoni, kabichi mbili amezikumbatia kifuani. "Nimesikia kampuni italeta."

Mama Sweta alikuwa kwenye mashine yake ya kufuma. Mkono wa kushoto wa sweta ya Lewis ulikuwa umeshafika kwenye kiwiko. Hakuuliza kampuni gani, maana Werugha nzima ilikuwa inajua. Ni kampuni ya nguo ya Nairobi, inayowauzia majaketi watu wenye uwezo wao, nayo imeamua kwamba kila jaketi likiuzwa, sehemu ya pesa itengwe, zinunuliwe sweta za shule kwa watoto wa sehemu za baridi. Na kwa baridi, Werugha haina mpinzani. Ukungu wa huku huingia nyumbani bila hodi na kukaa kitini.

"Ni sawa, Mama Lewis."

"Si ati nimekukataa. Unajua hali ilivyo. Mtu akipewa cha bure, atakataa kweli?"

"Nimesema ni sawa. Ingia ndani basi, unywe hata chai."

"Aa, nimeacha ng'ombe hajakamuliwa."

Akaziweka kabichi kizingitini na kuondoka mbio. Ng'ombe gani huyo wa kukamuliwa jua likiwa utosini? Ni aibu tu iliyokuwa ikimkimbiza. Mama Sweta alizitazama zile kabichi, kisha akaanza kuufumua mkono wa sweta, taratibu, uzi ukirudi kwenye mpira wake.

Sasa tuseme hili jina lilitoka wapi, maana ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Milimani huku, mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa huwekwa kando. Huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na hiyo ndiyo heshima yake. Yeye alizaliwa Wakio, akaolewa akiwa Wakio, na mtoto hakuja. Sylus, mumewe, alivumilia akavumilia, kisha akateremka Maungu kufanya kazi ya malori. Huko akapata mke mwingine na mtoto, Donald. Siku hizi anaitwa Baba Donald, wala hana habari na mtu.

Wakio akabaki na nyumba na mashine. Akabaki pia na taabu ya kuitwa. Mwanamke mzima kumwita Wakio hivi hivi, ni kumkosea adabu. Ukisema "Mama" ukanyamaza, watu wanangoja: mama nani? Majirani wakawa wanamsalimia bila jina, wakimeza neno katikati. Ni watoto waliomtoa katika aibu hiyo. Mwaka wa kwanza aliofuma sweta za shule, mmoja alimwona njiani akapaza sauti, "Mama Sweta!" Naye akaitika. Jina likakaa. Makanisani, sokoni, kwenye matanga, akawa Mama Sweta, mwenye watoto wengi kuliko wanawake wote wa Werugha.

Sasa niambie, sweta zikiletwa na kampuni, yeye atakuwa mama nani?

Miaka ya nyuma, shule zikikaribia kufunguliwa, uwanja wake ulikuwa haupitiki. "Inua mikono. Geuka. Wewe, mbona umerefuka hivi bila ruhusa yangu?" Watoto walicheka, naye akiwapima walimwambia kila kitu: ng'ombe wa nani amezaa, baba wa nani amelala nje, mwalimu gani ana mchumba Wundanyi. Alijua mabega ya kila mmoja kwa kuyashika. Mwaka huu Desemba ilipita uwanja ukiwa mtupu, kuku peke yao. Alikuwa mpweke, tusitafute neno lingine. Alisonga ugali wa kumtosha yeye na mgeni, mgeni hakutokea, akala kiporo asubuhi. Kuna siku aligundua hajasema neno na mtu tangu kanisani Jumapili, akakohoa tu, asikie kama sauti bado ipo.

Juma la kufungua shule, Mwalimu Festus, mkuu wa shule ya msingi, alikuja mwenyewe.

"Mama Sweta, nina ombi. Mzigo wa kampuni umefika, lakini saizi zimechanganyika ndani ya maboksi. Ijumaa njoo utusaidie kuwavalisha. Wewe ndiye unawajua hawa watoto."

Alicheka, kicheko kikavu. "Yaani mwalimu, nichimbe kaburi na pia nilie?"

"Ah, Mama Sweta! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nani?"

Mwalimu Festus alitazama viatu vyake. Ni mtu mzuri, na sweta zake mwenyewe za utotoni zilifumwa kwenye mashine ile ile. "Hata mimi sina raha," alisema. "Lakini kuna watoto wamekuja shule miaka yote bila sweta. Niwaambie nini?"

Mama Sweta alimsindikiza hadi njiani. Aliapa hatakwenda, na Ijumaa alikwenda, amejitanda leso yake ya kanisani. Wala si kwa ajili ya kusaidia. Alikuwa na hamu ya watoto, basi.

Sweta zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, rangi ya shule hasa. Kabla ya kumvalisha mtoto yeyote, alichukua moja, akaivuta kwapani, akaipindua ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa shingo. Alikuwa anatafuta kasoro. Alitafuta kwa bidii, Mungu amsamehe, akaikosa. Ilikuwa sweta nzuri, na hilo ndilo lililomuuma kabisa. Zingekuwa mbovu, angerudi nyumbani na hasira, na hasira angalau huongea na mtu.

Aliyeletwa na kampuni alikuwa msichana mpole anayeitwa Lynn, amevaa jaketi zito na bado anatetemeka.

"Mama, hii baridi mnaiweza aje?" alimuuliza.

"Tunavaa sweta," alijibu, na Lynn akacheka, akidhani ni mzaha.

Akafanya kazi. Watoto wakubwa walimrukia: "Mama Sweta! Mama Sweta, mimi ile kubwa!" Akawapitishia sweta vichwani, akawarekebishia kola, akawashika mabega. Walikuwa wamekua. Kila mmoja akishavaa alichomoka mbio kwenda kujionyesha, na kelele zikahamia uwanjani. Alipobaki peke yake kwenye stoo, aliinama kukunja maboksi matupu.

Ndipo wimbo ulipoanza. Sauti ndogo ndogo, za chekechea, zisizokwenda pamoja:

"Karibu Mama Sweta, karibu! Asante Mama Sweta, asante!"

Aliacha boksi. Kifua kilimjaa. Kumbe! Kumbe Festus alikuwa amempangia hili, mjanja yule, ndiyo maana alisisitiza aje. Na hata hawa wadogo, ambao hajawafumia bado, wamefundishwa jina lake. Alijifuta macho kwa pindo la leso, akaifunga vizuri, akatoka mlangoni akitabasamu.

"Bee!" aliitika kwa sauti.

Watoto wa chekechea walikuwa wamempa mgongo. Walikuwa wamejipanga mbele ya Lynn, wakimpigia makofi. Lynn amechuchumaa, amefunika mdomo kwa furaha. Pembeni, Mwalimu Ngina, mgeni kutoka Voi aliyehamishiwa hapa majuzi tu, alikuwa akiongoza wimbo kwa kidole. Alikuwa amewauliza watoto darasani mgeni ameleta nini, wakasema sweta, naye akawatungia wimbo. Hakuwa na kosa lolote.

Watu wachache waligeuka kumtazama yule aliyeitika. Hakuna aliyecheka, heri wangecheka. Mwalimu Festus alianza kukohoa na kutafuta kitu mfukoni. Wimbo ukaisha. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, Abby, sweta ikimfika magotini, alimkazia macho.

"Ni wewe umesema bee?"

"Ni mimi, mama."

"Lakini hukuitwa."

"Nilisikia vibaya."

Abby alifikiri kidogo. "Na wewe ni mama nani?"

Lynn alikuwa ameinuka na kuwasogelea, bado anatabasamu, anangoja jibu naye. Mama Sweta alifungua mdomo. Neno lililokuja lilikuwa la zamani, alilitoa kama anakisia.

"Mimi ni Wakio."

"Mama wa Wakio?"

"Wakio tu. Simama wima nikukunjie mikono, utaanguka na hii sweta."

Akamkunjia mikono, wa kulia na wa kushoto, akamgusa shavu. Kisha akarudi stoo, akamaliza maboksi yote, kwa sababu kazi aliyoanza hajawahi kuiacha nusu. Wageni walipoingia darasani kusomewa hotuba, yeye alitoka kwa lango la nyuma na kushika njia inayopita kando ya matuta ya viazi. Ukungu ulikuwa umeshuka, mbele haonekani mtu wala mti. Alilia akitembea. Huko hakuna wa kumuuliza.

Alikuwa amefika mbali kidogo aliposikia sauti kutoka upande wa shule, ya mwanamke kijana.

"Mama Wakio! Chakula kiko tayari! Mama Wakio!"

Alisimama ghafla. Lynn alikuwa akiita kwa heshima anayoijua yeye, ya Nairobi, ya kuweka mama mbele ya jina lolote. Lakini kwa aliyesimama pale kwenye ukungu, Mama Wakio alikuwa mtu mmoja tu duniani. Ndiye aliyemzaa na kumnunulia mashine, na walikuwa wamemzika kule chini, kwenye migomba.

"Mama Wakio! Tunakungoja!"

Aliteremsha leso mabegani, masikio yawe wazi. Mamake alikuwa mzito wa kuitika, ilibidi aitwe mara tatu. Naye akazuia hata pumzi yake, akangoja aitike.